Kilo ya Fisi

Hapo zamani za kale, ila si kale sana kwa kuwa mizani ilikuwa ya betri, wanyama wa vilima vilivyo kati ya Litein na Mogogosiek walilima majani chai. Ngedere walichuma, maana vidole vyao vinajua kutenga majani mawili na chipukizi na lile jani gumu ambalo kiwanda hulirudisha. Kanga walipalilia. Mbega walishika mapanga ya kupogolea. Punda walibeba magunia. Chui alikuwa na shamba kubwa kuliko yote na hakuwahi kuchuma hata jani moja. Ikifika saa saba mchana wote walikutana kituoni, banda la mabati lenye meza ndefu za mbao na ndoano moja ya chuma, wakangoja lori la kiwanda. Lori lilikuja saa kumi, au saa mbili usiku, au kesho yake.

Kabla sijaendelea, niwaombe radhi majirani. Kwa Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, tiondo, na hakuna anayependa kusikia mnyama wa babu zake akitukanwa gazetini. Fisi wa hekaya hii hana ukoo. Ana kamati ya kampeni.

Kila baada ya miaka 5 wanyama walimchagua Mwenye Mizani. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya ndoano, kusoma namba na kumtajia karani aandike. Mshahara wake ulitosha chumvi na kiberiti. Kwa kazi hiyo ya chumvi na kiberiti Fisi aliuza mafahali wawili, akakopa kwa Chui, akanunua sukari lori zima, na hakuna mnyama aliyemwuliza hesabu yake imekaaje.

"Chamgei, wapiga kura wangu!" aliita akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

"Chamgei mising!" wakaitika.

"Mimi si msemaji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami sikuja na mkono mtupu."

Ngedere wakapata sukari, kilo 2 kila nyumba. Kanga wakapata leso zenye picha ya uso wake, na zilipofungwa kiunoni ule uso ukakaa pale pa kukalia, lakini hilo halikumuudhi. Nguchiro, ambao ndio vijana wa kijiji, wakapata noti na maagizo ya kutouliza ni za nini. Punda wakaahidiwa barabara ya lami. Punda ndiye mpiga kura wa bei rahisi kuliko wote katika nchi hii, kwa kuwa hununuliwa kwa kitu ambacho hakijajengwa.

Mpinzani wake alikuwa Mwalimu Swara. Swara alileta karatasi yenye hesabu za kituo, akaisoma yote, mstari kwa mstari, jua likiwa utosini. Walimsikiliza kwa adabu na kumpigia makofi. Kisha ngedere mmoja mwenye watoto wengi akainua mkono.

"Mwalimu, tumekuelewa vizuri. Sasa umetuachia nini?"

Swara alikuwa amewaachia karatasi.

Fisi akashinda. Jumatatu iliyofuata akasimama kwenye ndoano, na hapa naomba msomaji asogee karibu, kwa sababu mambo yote ya hekaya hii yako kwenye kiganja kimoja. Gunia la ngedere likatundikwa. Namba zikarukaruka: 15.2, 14.6, 14.9. Fisi akaweka kiganja chini ya gunia, kama mtu anayelituliza lisiyumbe. Namba ikatulia kwenye 14.3. Desimali zikaanguka, maana Mheshimiwa hasomi desimali. Ikatolewa kilo 1 ya uzito wa gunia, ingawa gunia tupu halifiki hata nusu ya hapo. "Kumi na tatu!" akaita. Karani akaandika 13. Ngedere akapokea risiti kwa vidole vilivyoshika weusi wa utomvu, akaikunja mara mbili, akaenda zake nyumbani kunywa chai yenye sukari ya Fisi.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipiga mara tatu. Watu wa Kericho wanaijua mvua hiyo: dakika 20, na shamba lililokuwa kijani linabaki vijiti. Majani yakapungua, magunia yakawa mepesi, lakini ile kilo haikupungua. Oktoba bonasi ikatangazwa, ikawa ndogo kuliko ya wanyama wa Mlima Kenya, kama kawaida. Wakalaumu mawingu. Wakalaumu mnada wa Mombasa. Wakailaumu dola, ambayo hakuna aliyewahi kuishika.

Muhula wa pili wa Fisi ulipokwisha, hata Punda wakaanza kunong'ona. Wakaitana kokwet, yaani wakakaa chini ya mti kama wazee wa Kipsigis walivyokaa enzi ambazo msemaji wa kijiji alipatikana kwa kuonekana miaka na miaka akiamua kesi za ng'ombe na mipaka bila kupendelea, wala hakubandika picha yake popote. Boiyo Kobe, yaani Mzee Kobe, aliwekwa katikati kwa sababu ya umri. Kunguru alikaa tawini kwa sababu ya safari zake. Kila wiki huenda Nairobi kula mabaki ya mikutano na hurudi na habari.

Sungura, ambaye kwenye kila kampeni ni wakala wa mtu fulani, ndiye aliyetoa hoja ya kwanza.

"Shida ni kura ya siri," akasema. "Mnyama anakula kwa Fisi, anakula kwa Swara, kisha anajificha kwenye kibanda. Tupange foleni. Kila mtu asimame nyuma ya amtakaye, mchana kweupe. Nani ataiba foleni?"

Boiyo Kobe akakohoa. "Wanadamu walifanya hivyo mwaka 1988," akasema. "Nilikuwa nimejilaza kando ya uwanja. Chama kilikuwa kimoja, KANU, na mchujo wake ukawa wa mlolongo. Aliyetangazwa kupata asilimia 70 alipita moja kwa moja hadi bungeni, hapakuwa na haja ya sanduku. Nimeona milolongo mirefu ikishindwa na mifupi. Desemba 1990 chama chenyewe kikauacha mtindo huo kwa aibu."

"Hao ni wanadamu," Sungura akajibu.

Wakapanga foleni. Ya Mwalimu Swara ilitoka kituoni ikashuka hadi mtoni. Ya Fisi ilikuwa ya nguchiro, shemeji zake, na kanga kadhaa walioogopa kuonekana wakiwa na leso yake kwenye foleni ya mwingine. Mhesabuji alikuwa Chui, yule yule aliyekopesha. Chui alitembea polepole toka mwanzo hadi mwisho, akahesabu ile fupi mara mbili ili asikosee na ile ndefu nusu kwa sababu ya jua. Fisi akashinda kwa asilimia 70 na ushee.

Hoja ya pili ilitoka kwa Chui mwenyewe, na ilisemwa kwa sauti ya mtu anayeombea nchi yake. "Mwenye miche 200 na mwenye miche 40,000 wanawezaje kuwa na kura sawa? Nani atapata hasara zaidi mizani ikiharibika? Kila mmoja apige kura kwa hisa zake."

Hoja hii ina wenyewe hata kwa wanadamu wa vilima hivi. KTDA ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali ya kuwasimamia wakulima wadogo wa chai, na mwaka 2000 ikawa kampuni inayomilikiwa na wakulima kupitia viwanda vyao. Kampuni ina hisa, na hisa zina hesabu yake siku ya kuchagua wakurugenzi. Mabishano ya kama kura iende na hisa au mkulima mmoja awe na kura moja yamefika mahakamani, na Sheria ya Chai ya 2020 iliyapa moto mpya. Nakiri kwamba hoja ya hisa si ya kipumbavu. Mwenye mali nyingi ana haki ya kuogopa. Ila tazama ilivyokwenda pale kituoni.

Mwaka ule Fisi hakununua sukari hata punje. Hakuhitaji. Alimnunua Chui peke yake, kwa mbuzi wanne na ahadi kwamba magunia ya Chui yatapimwa bila kiganja, na akawa Mwenye Mizani kabla ya saa nne asubuhi. Nimewahi kusoma maandishi mengi yanayotaka gharama za kampeni zipunguzwe, na sijaona mageuzi yaliyozipunguza vizuri kuliko hayo.

Ngedere ndio waliolia kwa sauti kubwa. Nilidhani wanalilia kilo zao. Walikuwa wanalilia sukari.

Basi wakadai mnyama mmoja, kura moja, ya siri, ndani ya sanduku. Wakapewa, na lori la sukari likarudi barabarani siku hiyo hiyo. Safari hii ngedere walijiona wajanja. "Tutakula kwake, tumpigie Swara," wakaambiana. Boiyo Kobe akawakumbusha uchaguzi wa mwaka 1992, baada ya vyama vingi kurudi. Vijana wa YK'92 walimwaga fedha kwa ajili ya KANU hadi noti ya shilingi 500 ikabatizwa jina la mwenyekiti wao, Jirongo. Mwaka uliofuata bei za vitu zikapanda, na kila aliyepokea noti akairudisha dukani kidogo kidogo, akiwemo yule aliyepokea na kupigia upande mwingine.

"Boiyo, wewe unapenda sana mambo ya kale," wakamwambia.

Fisi akashinda. Hakuiba. Ngedere wengine walikula kwake wakampigia Swara, kama walivyosema. Wengi zaidi walikula wakamwonea haya. Mtu aliyekuja nyumbani kwako na sukari, akakaa kwenye kiti chako, akanywa maziwa ya mursik kwenye kibuyu chako na kuwataja watoto wako kwa majina, ni vigumu kumfanyia hila. Fisi aliijua heshima hiyo ya vilima kuliko wenyewe walivyoijua, na ndiyo aliyokuwa akiinunua. Sukari ilikuwa kisingizio cha kuingia mlangoni.

Hapo Kunguru akashuka kutoka tawini. Alisema wanadamu wana sheria ya kuweka kikomo cha fedha za kampeni tangu 2013. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza viwango mwaka 2021, na cha mgombea urais kilikuwa shilingi bilioni 4.4. Viwango hivyo vilihitaji idhini ya Bunge, na wabunge, ambao ndio wangebanwa, wakavikataa. Uchaguzi wa 2022 ukaenda bila kikomo. Tena kuna sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016, inayomhesabu anayetoa hongo na anayepokea kuwa wakosaji wote wawili.

"Wote wawili?" akauliza ngedere mmoja, na kokwet nzima ikatazama pembeni.

Hata hivyo waliandika kikomo chao: sukari isizidi robo kilo kwa nyumba. Rasimu ikapelekwa kwa kamati ya Fisi ili iisome. Fisi aliisoma kwa makini ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaila.

Kogo Mbega hakuwahi kusema neno katika mikutano yote hiyo. Alikuwa ajuza mwenye mkia mweupe mrefu, na alikuja kila mara na kazi ya mikono. Siku rasimu ilipoliwa ndipo alipouliza swali moja, tena kwa upole.

"Mheshimiwa huuza mafahali wawili kutafuta kazi ya chumvi na kiberiti. Ng'ombe hao anawarudisha kwa kitu gani?"

Hakuna aliyejibu, kwa hiyo Boiyo Kobe akachora mchangani. Tuseme nyumba moja hupeleka magunia 3 kwa wiki. Kila gunia linaacha kilo 1 ya uzito wa gunia. Kiganja na desimali tuviache. Kwa mwaka ni kilo 156. Kwa miaka 5 ni kilo 780. Tuseme kila kilo ni shilingi 25, bila bonasi. Akaandika 19,500 chini, na kando yake akaandika bei ya kilo 2 za sukari. Kisha akaketi. Ngedere aliyekuwa na watoto wengi akazifuta zile namba kwa mguu, kama anayefunika kitu cha aibu, lakini alikuwa ameshazisoma.

Kogo Mbega hakutaka kuzungumzia kura. Alisema kura wamekwisha kuipindua kila upande, na kila upande ina mlango wa Fisi. Alirudi kwenye chama chao cha wanawake, mbega na kanga kumi na kadhaa wanaochangiana kila mwezi, na mwezi ule zamu ya pesa ilikuwa yake. Badala ya kununua sufuria akateremka sokoni Kericho akanunua mizani ya kutundika, ile ya uso wa duara na mshale, kama ile wanayopimia watoto kliniki. Akaifunga kwenye nguzo nje ya banda, hatua 5 kutoka kwenye ndoano ya Fisi. Chini yake akaweka chaki.

Sheria yake ilikuwa fupi. Pima kwanza hapa. Andika namba yako ukutani, kwenye mabati, kwa tarakimu kubwa. Ndipo uingie.

Siku ya kwanza ukuta ulisema 14.9 na Fisi akaita kumi na tatu. Kila aliyekuwa kwenye foleni aligeuza shingo kutazama ukuta, kisha akamtazama Fisi, kisha ukuta tena. Siku ya pili nguchiro walikuja usiku wakavunja mshale. Wanawake wakachanga tena. Siku ya nne karani alianza kuandika namba za ukutani kabla Fisi hajafungua kinywa, kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa ukitia sahihi na alikuwa na watoto shuleni. Mwisho wa mwezi Mwalimu Swara akapata kazi ya kufaa karatasi zake: akajumlisha ukuta, akajumlisha risiti, akaulizia uzito wa lori kiwandani. Lori lilikuwa limefika zito kuliko risiti kila siku kwa miaka yote. Kilo zilizozidi ziliandikwa kwa namba ya mkulima asiye na shamba, asiye na mche, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akichuma, na ambaye Oktoba alipokea bonasi kubwa kuliko wote isipokuwa Chui.

Ungetarajia hapa nikuambie Fisi alifukuzwa. Hakufukuzwa. Alikana, akaunda kamati ya uchunguzi, akaiongoza mwenyewe, na akamaliza muhula wake akiwa na suti mpya. Kilichotokea kilikuwa cha kawaida zaidi. Uchaguzi ulipokaribia, Fisi alikaa na Sungura wakapiga hesabu za vituo vyote 10 vya eneo hilo alivyokuwa akivigombea. Walipofika kwenye kituo cha Kogo Mbega, Sungura akachora mstari. "Pale hakuna biashara," akasema. Lori la sukari likapita bila kusimama.

Kituo kile kikabaki na wagombea wawili tu, Mwalimu Swara na Nungunungu. Hakuna aliyechinja. Hakuna aliyegawa leso. Nungunungu aliposikia mshahara ni chumvi na kiberiti kweli, bila nyongeza, akajiondoa akisema ana mihogo ya kuvuna. Swara akapita bila kupingwa, na hadi leo anasoma desimali.

Msidhani alishukuriwa. Ngedere wa kituo kile wanalipwa kilo zao zote na bado wananung'unika kwamba wamesahauliwa na viongozi. "Hata soda?" wanauliza. Nyumba kadhaa zimehamishia majani yao kituo cha pili, mwendo wa saa nzima kwa punda, kilima juu, ili wakati wa kampeni wasipitwe. Huko wanakatwa kilo moja kila gunia. Wakiulizwa wanasema kule kuna maendeleo.

Fisi ana vituo 9, na Sungura amekwisha kumtafutia bei ya sukari ya jumla. Wanadamu wa Kericho na Bomet nao watapiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Wewe unayesoma haya, kabla hujabishana na jirani kuhusu nani apewe kiti, pita kwenye kituo chako cha majani, au zahanati yako, au ofisi ya basari ya wadi yako, uulize ukuta wenye namba uko wapi. Kama haupo, mizani ya kutundika inauzwa sokoni Kericho, na chaki haina bei.